Uzi Mwekundu na Njia ya Bi Rayya

Binti aliyerithi kiti changu kanipigia simu juzi kuniuliza ule uzi mwekundu uliomo kwenye droo ya chini ni wa nini, autupe au asiutupe. Nikamwambia usiutupe, wala usiutumie kushonea kifungo. Akacheka, akadhani nnafanya mzaha. Basi kahawa ipo, nyumba imetulia, na hakuna mtu anayeningoja ofisini tena. Acha niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi hii, mjue tulikuwa tukiwapangaje watu safari za gari Ulaya kabla ya hizo simu zenu zinazosema pinda kulia.

Vyeo sitavizungumza, vilikuwa viwili tu. Mshahara mnaujua.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya safari pale Ruwi, Muscat, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa zikinuka bizari kwa ajili ya mkahawa wa nyuma, na mteja akifika juu alikuwa keshapata njaa, anataka mambo yaishe haraka. Mimi nilikuwa msichana wa Kizanzibari, Kiswahili cha nyumbani na Kiarabu cha skuli, na nilidhani kazi ya safari ni kukata tiketi na kutabasamu. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Grace.

Grace alikuwa Mkenya, mtu wa Kisumu, mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakunitazama uso, alinitazama viatu.

"Salma, hicho kiatu utakitoa kabla ya chai," alisema. "Kesho kuja na cha kutembea. Hapa tunapanda na kushuka hizi ngazi kama mbuzi."

Kisha akanitandazia ramani ya Ulaya mezani, akaniambia nipime kutoka Frankfurt mpaka Vienna. Nikachukua rula, nikapima, nikamtajia jibu kwa fahari. Grace akavaa miwani yake taratibu.

"Mteja wako ni ndege ama ni mtu wa gari?"

Hapo ndipo alipotoa uzi mwekundu. Unaulowesha kidogo, unaulaza juu ya barabara, unaupinda barabara inapopinda, mpaka ufike. Kisha unaunyoosha na kuupima kwenye kipimo cha pembeni mwa ramani. Rula haijui mlima, alikuwa akisema, wala haijui mto hauna daraja. Nilifanya hivyo miaka, na mpaka leo nikiona ramani vidole vyangu vinatafuta uzi.

Wateja wetu wa gari wengi walikuwa familia zetu wenyewe, watu waliokuwa na jamaa Ulaya tangu tulipotawanyika kutoka Unguja. Grace alijua barabara, mimi nilijua watu, na kila mmoja alimfundisha mwenzake kwa shida. Yeye alinifundisha bima ya kuvuka mipaka, stika ya barabara kuu za Uswisi, na kwamba gari la gia za kujiendesha lazima uliagize mapema, maana Ulaya wakati ule lilikuwa adimu. Mimi nilimfundisha kwamba mama wa Kiomani hasafiri bila kopo lake la maji ya chooni, halwa ya kuwapelekea watu, na sufuria ya umeme ya kupikia wali, kwa hiyo gari la buti ndogo halifai hata wakisema wako watatu tu. Na kila baada ya masaa machache pawe na mahala pa kutawadha na kuswali. Grace Mkristo, lakini mwisho yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Na Asri wataswalia wapi hawa?"

Kesi ngumu hazikukosa. Kuna bwana aliyetaka azunguke Uswisi yote, lakini barabara isipite handaki hata moja, kwa sababu mkewe anaogopa giza. Uswisi bila mahandaki ni sawa na Mutrah yetu bila majabali. Grace alikaa na ule uzi asubuhi nzima, akauzungusha huku na huku, mwisho akaniambia mpeleke huyu Uholanzi, kule hakuna hata kichuguu. Wakaenda Uholanzi, wakarudi wamefurahi, na yule bwana akawa anawaambia watu kwamba Uswisi nzuri sana.

Lakini safari nnayotaka kuwahadithia ni ya Bi Rayya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, au baada yake kidogo. Alikuja kwanza mwanawe, Hilal, kijana mpole aliyezoea kuendesha gari mpaka Salalah, kule kusini kabisa, na kurudi, akidhani kwa hiyo Ulaya ni jambo dogo. Akanieleza shida yao. Mama yake alikuwa na ndugu wawili Ulaya. Asha, mdogo wao, yuko Rotterdam, na anaumwa figo, hali si nzuri. Kaka yao mkubwa, Seif, yuko Kopenhagen. Hilal alitaka ampeleke mama yake amuone Asha upesi. Kisha, akasema huku akiona haya, kama kutakuwa na nafasi, yeye mwenyewe angependa kuiona Paris.

Nikawapangia njia safi. Washuke Frankfurt, wachukue gari, waufuate mto Rhine mpaka Cologne, waingie Uholanzi, wafike kwa Bi Asha siku ile ile. Baada ya hapo Brussels, Paris, warudi kwa njia ya Strasbourg. Kopenhagen sikuitia. Viza ya Denmark wakati ule ilikuwa mbali na hizo nyengine, na pasipoti ilibidi ipelekwe nchi jirani ikangoje huko. Bi Asha hakuwa na muda wa kungoja. Grace aliikagua njia, akasema, "Hii ni sawa," na Grace kusema sawa ilikuwa kama mwengine kukupigia makofi.

Siku ya pili Bi Rayya akaja mwenyewe kutoka kwake Mawaleh. Mama wa makamo, mnene kidogo, kanga chini ya buibui, ananukia udi. Alizipanda ngazi zetu akipumzika kila baada ya hatua chache, akakaa, akaiomba ramani. Nikamuonesha kwa kidole: hapa mtashuka, hapa mtakula, hapa mtafika.

"Kopenhagen iko wapi hapa, mwanangu?"

"Kopenhagen haimo, mama. Viza yake inakawia, na Bi Asha hali yake..."

"Hali yake naijua. Asha nimemlea mimi, mama katuwacha yeye bado ananyonya." Akairudisha ramani upande wangu wa meza. "Lakini kaka Seif kafiwa na mkewe. Mwaka huo unakwisha, na mimi sijamhani, sijampa hata mkono wa pole. Ntie mguu Ulaya nipitie kwengine kwanza? Kwenye msiba hupitii popote. Unatoka kwako unafika kwa mfiwa, ndipo uende utakako."

"Mama, mgonjwa hangoji," alisema Hilal.

"Na Seif je? Huyo ndiye aliyesimama mahala pa baba. Nimfanye kama jirani?"

Mimi nilikuwa naijua ada hiyo tangu utotoni. Nyumbani kwetu mtu akifiwa, hata kama una harusi mlango wa pili, unaanza kwa mfiwa. Watu wamekosana miaka kwa jambo hilo. Bi Rayya akachukua ncha ya kanga akajifuta macho.

"Naogopa Asha atakwenda sijamuona," alisema. "Na naogopa nikipita kwa Asha kwanza, Seif ataweka moyoni, na sisi tumebaki watatu tu. Nifanye nini, mwanangu? Itafute hiyo viza. Tutangoja."

Alipoondoka, Grace alikuwa amekasirika. Alikaa meza ya pili na alisikia kila kitu.

"Huyu mama anataka kuzunguka dunia nzima ndio aone mtu mgonjwa. Kwani kuna makosa gani akianzia Rotterdam? Huyo kaka si mtu mzima, ataelewa."

Nikamueleza maana ya kwenda kuhani. Nikamueleza kwamba si suala la kuelewa. Mtu anaweza kuelewa kabisa na bado ikamuuma mpaka kaburini. Grace alinisikiliza, kisha akavua miwani, akaiwacha ining'inie.

"Hata kwetu iko hivyo," alisema. "Salma, babangu alizikwa nikiwa hapa, kwa hiki kiti. Siku hiyo niliuza tiketi kama kawaida. Sikuambia mtu. Ningemwambia nani?"

Nilikuwa nimefanya kazi ubavuni mwake miaka, na siku hiyo pia lazima nilikuwepo. Labda nilimtania viatu, labda nilimuomba chai. Nikamwambia pole, nikaiona imetoka ndogo, haina uzito. Akanipungia mkono.

"Wacha. Lete uzi."

Akaulaza kutoka Frankfurt mpaka Rotterdam. Kisha akakata kipande chengine, akakilaza kutoka Kopenhagen, kikashuka Hamburg, Bremen, mpaka kikakutana na cha kwanza upande wa Ujerumani, karibu na Oberhausen, kabla ya mpaka wa Uholanzi. Akaweka kidole pale.

"Sasa niambie. Ukikutana na mfiwa barabarani, unafanya nini? Unamwambia ngoja kwanza nifike kwako?"

"Aa. Unamhani pale pale ulipomkuta."

"Basi," alisema Grace.

Ingekuwa basi kweli kama Seif angekuwa mdogo. Lakini kaka mkubwa haitwi njiani na mdogo wake, tena kaka mwenyewe kafiwa. Bi Rayya akisikia tumefikiria hivyo atakata safari yote. Nikashauriana na Hilal kwa simu, akanipa nambari ya mjomba wake, akaniambia, "Mimi sikukupa." Nikapiga Kopenhagen, Grace ameegemea meza yangu, hajui Kiswahili chetu chote lakini anasikiliza kila neno.

Sauti ya Bwana Seif ilikuwa nzito, ya mtu asiyetumia simu sana. Nikamsalimia, nikajitaja. Hakutaka kujua nimepiga kwa nini.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, nikamtajia babu yangu, na mtaa wetu wa Unguja. Akawa anawatafuta kichwani mwake.

"Babu yako alikuwa mkali sana," alisema hatimaye. "Haya, sema."

Sikumuomba kitu. Nilikuwa nimelipanga neno langu usiku kucha. Nikamwambia, "Dada yako Bi Rayya huenda akapita Ujerumani Jumamosi ya wiki ijayo, akienda kwa Bi Asha. Mchana atapumzika kwenye kituo cha madereva, karibu na Oberhausen, kabla ya mpaka. Nilitaka ujue tu."

Nikamsikia anavyopumua.

"Kakutuma yeye?"

"Hajui, na viza ya kwenu hana. Amekataa kwenda kwa Asha kabla ya kukuhani wewe."

"Asha mbaya sana?"

"Mbaya, baba."

"Ahsante, binti," akasema, na simu ikakatika. Hakusema atakuja. Grace akaniuliza amesemaje, nikamwambia kasema babu yangu alikuwa mkali.

Siku chache baadaye Bi Rayya akaja kuchukua tiketi zake. Seif alikuwa amempigia simu. Hakumweleza chochote, alimwambia tu panda ndege uende kwa Asha, na mkubwa akisema husemi. Bi Rayya alikuwa ametii, lakini uso wake ulikuwa umeshuka.

"Nakwenda, mwanangu, lakini nakwenda na mzigo. Kaniruhusu kwa mdomo. Moyo wa mfiwa nani anaujua?"

Nilitamani kumwambia. Ulimi uliniwasha. Lakini kama Seif asingekuja, ningekuwa nimemuongezea jeraha la pili, kwa hiyo nikayapeleka maneno yangu kwengine. Grace hakuwepo siku hiyo, alikuwa uwanja wa ndege wa Seeb na kundi la wateja, na mimi nikamhadithia Bi Rayya khabari ya baba yake Grace. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza niliyeona atajua uzito wake.

"Na watu walimwendea?" aliniuliza.

"Hakumwambia mtu, mama."

Akatikisa kichwa, akafunga mkoba wake wa tiketi, akaziteremka zile ngazi polepole.

Jumamosi ile tulikuwa kazini, maana wakati huo tukipumzika Alkhamisi na Ijumaa. Sikumbuki nilimhudumia nani. Kila simu ilipolia Grace alinyanyua kichwa. Alasiri ikalia ya mbali, ile yenye mvumo, na Hilal akawa anapiga kelele kutoka kibanda cha simu, malori yananguruma nyuma yake.

"Yupo, Salma. Mjomba yupo."

Alinieleza haraka haraka kabla kadi yake haijesha. Walikuwa wameegesha gari kati ya malori, mama akashuka na kopo lake kutafuta maji ya kutawadha. Mbele ya mlango wa mkahawa akamuona mzee amevaa koti zito na kofia ya viua, anatazama kila gari linaloingia. Kopo lilimwanguka mkononi. Bwana Seif alikuwa amelala njiani, katoka kwake jana yake, na kaanza kusimama pale mlangoni tangu asubuhi kwa kuogopa kupishana nao. Bi Rayya akamfuata, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akamhani pale pale, wakalia. Dereva mmoja wa lori akadhani kuna ajali, akaja kuuliza kama waitiwe daktari. Kisha wakatandika mkeka kwenye majani, wakaswali, wakamsomea Fatiha marehemu.

"Mama alimuuliza, vipi wewe mkubwa unanifuata mimi barabarani?" alisema Hilal. "Mjomba akamwambia, mimi sikukufuata, mimi nakwenda kwa Asha, nimekukuta njiani."

Nilimtafsiria Grace yote, ingawa mengi alikuwa keshayaelewa. Aliinuka akaenda dirishani akatazama magari ya Ruwi, ametupa mgongo, na mteja aliyekuwa akingoja akangoja.

Waliingia Rotterdam jioni, gari la mbele Hilal, la nyuma Bwana Seif. Bi Asha aliwaona wakubwa zake wawili wanaingia mlango mmoja. Hilal aliniambia baadaye kwamba Bi Asha alicheka kwanza, akawauliza nani kafa. Alikuwa na ulimi huyo.

Brussels hawakwenda. Paris hawakwenda. Bi Rayya aliniambia kwa simu nizifute hoteli zote, yeye hapo haondoki mpaka viza imtoe. Hoteli moja ya Paris ilinitumia faksi ya hasira ambayo Grace aliijibu kwa adabu na ukali wa kutosha. Njia niliyoipanga kwa uangalifu kuliko zote, nusu yake haikukanyagwa na gurudumu. Sikusikitika hata kidogo. Hilal ndiye aliyekuwa akinikumbusha Paris yake kila tukionana.

Bi Asha alifariki siku za mwisho za viza ya dada yake, Bi Rayya yuko kitandani pake, amemshika, na Seif mlangoni. Walimzika, kisha Bi Rayya akarudi Muscat.

Khabari ya kuwasili kwake tuliipata mchana, tukiwa kazini. Nikaaga. Grace naye akachukua mkoba wake na leso aliyokuja nayo asubuhi kwa ajili ya ubaridi wa mashine ya hewa ofisini, akajitanda begani. Tukapanda teksi mpaka Mawaleh. Tulipokaribia soko la matunda na mboga Grace akamgusa dereva.

"Tusimame kidogo, tununulie mama matunda. Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Hatupitii popote," nilimwambia.

"Hata matunda?"

"Hata matunda."

Akaegemea tena kiti chake, na dereva akaendelea.

Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, juu ya mikeka, wamezungukwa na harufu ya ubani na kahawa. Bi Rayya alikuwa kati yao, amekonda, amevaa kanga nyeusi. Nikapiga magoti, nikampa mkono, nikamwambia maneno tunayoambiana, Mungu ampe kauli thabiti, awape subira. Akanishika kichwa. Akasema, "Umenifikisha, mwanangu. Wote wawili umenifikisha." Nikalia, sikuona haya.

Nyuma yangu Grace akainama, mrefu vile, hajui avue viatu wapi wala aweke miguu wapi. Akanyoosha mkono. "Pole sana, mama," alisema. "Tumetoka kazini. Hatukupitia mahali."

Bi Rayya akaupokea ule mkono, na hakuuachia. Alijiegemeza kwa mkono wa pili, akaanza kuinuka. Wanawake wakataka kumzuia, maana mfiwa hasimami, watu ndio wanaomuinamia. Akawapangua. Alisimama kwa shida mpaka akawa uso kwa uso na Grace, au uso kwa kifua, kwa vile Grace alivyokuwa mrefu.

"Nimesikia baba yako alifariki, mwanangu, ukawa huku peke yako. Sikujua. Nimekukuta leo," alisema. Akaushika mkono wa Grace kwa mikono yake miwili. "Pole kwa msiba wa baba. Mungu amlaze pema."

Grace aliyenifundisha kupima Ulaya nzima bila kutetereka, akalia. Akainamisha kichwa begani kwa Bi Rayya, na miwani yake ikawa imebanwa katikati yao kwa kamba yake. Wanawake wasiomjua hata jina wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja, pole, pole, Mungu akupe subira, mpaka wakaisha wote sebuleni. Kisha mtu akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya wafiwa, ubavuni mwa Bi Rayya, na Grace akakaa.